Konstantino hakuchagua vitabu vya Biblia, na mengine tunayoyasikia Mwanza

Alhamisi jioni jumuiya yetu huku Nyegezi ilikuwa imemaliza sala, chai inamiminwa, kijana mmoja akanisogezea simu yake. "Mwalimu, hebu ona hii. Kumbe Biblia ilipangwa na mfalme wa Roma?" Kwenye video kuna mtu anaeleza kwa uhakika kabisa kwamba mwaka 325 Konstantino aliwakusanya maaskofu pale Nisea, wakapiga kura, injili nne zikapita na nyingine zote zikachomwa moto. Mama aliyeshika birika akaacha kumimina. "Kwa hiyo tumedanganywa miaka yote hii, baba?"

Nilimjibu kwa kifupi, maana giza lilikuwa linaingia. Swali lake linastahili jibu refu kuliko nililompa.

Dhana: Nisea ndiko vitabu vya Biblia vilikochaguliwa

Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulikuwepo kweli, mwaka 325, katika mji ambao leo unaitwa İznik, Uturuki, mji ulio kando ya ziwa kama huu wetu. Aliyeuitisha ni Konstantino, hilo nalo ni kweli. Ila kilichowapeleka maaskofu kule kilikuwa jambo jingine. Ario, padre wa Aleksandria, alikuwa akifundisha kwamba Mwana aliumbwa, na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Mtaguso ukamkatalia. Maneno "mwenye umungu mmoja na Baba" tunayoyatamka kila Jumapili katika Kanuni ya Imani yametoka kwenye ugomvi huo. Maaskofu walijadili pia tarehe ya Pasaka, kisha wakatoa kanuni 20 za nidhamu. Kanuni ya 17, kwa mfano, inawakataza makleri, yaani maaskofu, mapadre na mashemasi, kukopesha fedha kwa riba. Kanuni hizo zipo mpaka leo, na katika zote 20 hakuna hata moja inayotoa orodha ya vitabu vya Biblia.

Orodha yenyewe ilikua polepole. Kama mwaka 180, karibu miaka 145 kabla ya Nisea, Ireneo, askofu wa Lyon, tayari alikuwa akitetea kwamba injili ni nne, si zaidi wala pungufu. Eusebio wa Kaisaria, aliyeishi wakati mmoja na Konstantino, anavitaja wazi vitabu vilivyokuwa bado vinabishaniwa: Yakobo, Yuda, Petro wa pili, Yohana wa pili na wa tatu. Orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya letu imo katika barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Hapo Nisea ina miaka 42 imepita, na Konstantino alishafariki tangu 337.

Hata barua hiyo haikumaliza mjadala. Agano Jipya la kale la Wasyria lilikuwa na vitabu 22, bila Ufunuo. Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia linahesabu vitabu 81 katika Biblia nzima. Kama mfalme mmoja angetoa amri siku moja, tofauti hizi zingetoka wapi?

Hadithi ya Nisea ina chimbuko lake. Kitabu kimoja cha Kigiriki cha karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baada ya mtaguso, kinasimulia kwamba vitabu viliwekwa kwenye altare, watu wakasali, vya kweli vikakutwa juu na vya uongo chini. Karne ya 18 Voltaire, mwandishi Mfaransa, akaisambaza Ulaya. Tena kuna jambo la kweli linalochanganywa humo: kama mwaka 331 Konstantino alimwagiza Eusebio amtengenezee nakala 50 za Maandiko kwa ajili ya makanisa ya Konstantinopoli. Aliagiza nakala ziandikwe, hakuchagua vitabu.

Dhana: Konstantino aliufanya Ukristo dini ya dola

Mwaka 313 yeye na mfalme mwenzake Licinius waliwapa Wakristo uhuru wa kuabudu. Aliyeufanya dini ya dola ni mfalme Theodosio, mwaka 380.

Dhana: Afrika iliupata Ukristo kwa wazungu

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu hapa Mwanza ukweli tunapishana nao barabarani. Konda wa daladala ya Malimbe anaita "Sauti, Sauti!" na kila abiria anajua ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Niliwahi kumuuliza binti mmoja anayesoma pale Augustino alikuwa mtu wa wapi. "Italia," akanijibu.

Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, mji ulio katika Algeria ya leo. Italia alikwenda kufundisha, akabatizwa Milano mwaka 387, akarudi kwao. Akawa askofu wa Hippo, ambayo leo ni Annaba, na huko akafia mwaka 430 Wavandali, wavamizi kutoka Ulaya, wakiwa wameuzingira mji. Kabla yake, Tertuliano wa Karthago (katika Tunisia ya leo), Mwafrika mwingine, ndiye mwandishi wa kwanza wa Kilatini tunayemjua kutumia neno "Trinitas" kwa Mungu, yaani Utatu. Na katika karne ya 4 mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, alishaanza kutoa sarafu zenye msalaba.

Kisha kuna jina Perpetua. Ukiita "Perpetua!" baada ya misa huku kwetu, usishangae wakigeuka wawili au watatu. Perpetua wa kwanza alikuwa mama kijana wa Karthago, umri wake kama miaka 22, aliyeuawa mwaka 203 pamoja na Felista, mtumwa aliyejifungulia gerezani. Kabla ya kufa aliandika habari zake mwenyewe, na maandishi hayo ni kati ya ya kale kabisa tuliyonayo kutoka kwa mwanamke Mkristo. Anaeleza alivyoteseka kwa wasiwasi juu ya mtoto wake mchanga. Aliporuhusiwa kukaa naye na kumnyonyesha, anasema, gereza likageuka ghafla kuwa kama ikulu. Natamani kila Perpetua wa Kirumba na Igoma asomewe ukurasa huo angalau mara moja.

Kwenye ziwa letu, ni kweli, wamisionari walikuja karne ya 19. Waanglikana walifika 1877, na Desemba mwaka huohuo wawili wao, Smith na O'Neill, wakauawa Ukerewe. Wamisionari wa Afrika, shirika la Kikatoliki linaloitwa pia White Fathers, walifika Kageyi mwishoni mwa 1878, na mwaka 1883 wakafungua misioni Bukumbi. Shirika lao lenyewe lilianzishwa Algiers mwaka 1868, katika nchi ileile alikozaliwa Augustino. Bukumbi walifika baada ya kuondoka Buganda mwaka 1882. Waliporudi Buganda 1885 walikuta waumini wameongezeka, kwa kuwa vijana wa ikulu ya kabaka walikuwa wakifundishana wenyewe kwa wenyewe, bila padre hata mmoja.

Dhana: Wanaochunguza nakala za kale wanataka kuibomoa imani

Nilikatazwa kusoma mambo haya nikiwa kijana, na mtu niliyemheshimu sana. Alihofia nitapotea.

Nilichokikuta ni watu wanaoinamia kipande cha mafunjo, karatasi ya kale ya matete, chenye urefu wa sentimita 9 na upana wa 6, kidogo kuliko kiganja, kilichohifadhiwa Manchester. Upande mmoja kina vipande vya Yohana 18 aya ya 31 hadi 33, upande wa pili aya ya 37 na 38. Kwa kuwa kimeandikwa pande zote mbili, wanajua kilitoka kwenye kitabu chenye kurasa, si gombo. Wengi wanakiweka karne ya 2, wengine wanakisogeza hadi ya 3, na wanabishana juu ya umbo la herufi mojamoja. Mtu asiyejali hawezi kufanya kazi ya namna hiyo.

Wakati mwingine wanachokuta kinatusumbua, na sioni sababu ya kukificha. Katika nakala mbili maarufu za karne ya 4, Sinaitiko na Vatikano, injili ya Marko inaishia sura ya 16 aya ya 8. Wanawake wanakimbia kutoka kaburini bila kumwambia mtu neno, "maana waliogopa". Zile aya za kushika nyoka na kunywa kitu cha kufisha, ambazo tunazisikia sana kwenye mikutano ya injili viwanjani, hazimo. Wataalamu wengi wanaona ziliongezwa baadaye, ingawa ni za kale sana, na Ireneo mwenyewe alishanukuu mojawapo. Kanisa Katoliki linazisoma kama Maandiko, huku likijua historia yake.

Alhamisi iliyofuata tulisoma Marko 16 na kusimama kwenye aya ya 8. Kimya. Yule mama wa birika ndiye aliyeanza. "Sasa kama hawakumwambia mtu," akasema, "sisi tumejuaje?"

Hakuna aliyekimbilia kumjibu. Tukafungua sura ya 1, tukaanza upya.