Katochi hailindi pesa zako, na mengine ninayoyasikia dukani

"Fundi, nipe katochi, nimechoka kuibiwa." Hapa Kampala maneno haya nayasikia mara kwa mara, na juma hili nimeyasikia tena, safari hii kutoka kwa mama muuza nguo wa soko la Owino. Akaunti yake ya pesa za simu imekombwa, naye ameshakata shauri kwamba mkosaji ni simu janja. Dawa yake ni katochi, yaani simu ndogo ya batani. Simu hizi nauza, natengeneza, na nazipenda. Mtu anayetaka kupumzika na kelele za mitandao namsaidia kwa moyo wote. Lakini kumuuzia mtu katochi kama dawa ya wizi, hapana, siwezi.

Dhana: Ukiwa na simu ya batani huibiwi pesa wala husikilizwi

Pesa za MoMo ya MTN au Airtel Money hazikai ndani ya simu. Ziko kwenye mitambo ya kampuni, na mlango wake ni laini yako pamoja na namba ya siri. MTN ilipoleta huduma hii Uganda mwaka 2009, watu wengi walikuwa na simu za batani mikononi, na huduma yenyewe ilitengenezwa ili ifanye kazi kwenye simu hizo. Ndiyo maana mpaka leo unapiga *165# ya MTN au *185# ya Airtel bila intaneti. Tapeli naye anahitaji vitu hivyohivyo viwili, na hakuna hata kimoja kinachomtaka awe na mteja wa simu janja.

Angalia anavyofanya. Anakupigia akijitambulisha kuwa ofisa wa kampuni ya simu, anakuomba namba ya siri "athibitishe akaunti". Au anakutumia meseji aliyoiandika mwenyewe ikionekana kama risiti ya pesa, kisha anapiga akilia kwamba amekosea namba, umrudishie. Au anasimama nyuma yako kwa wakala. Yote haya yanaingia kwenye katochi bila kizuizi. Tena hapo kwa wakala katochi haikukingi: kwenye simu nyingi za batani, namba ya siri unayoiandika kwenye menyu ya nyota inaonekana kwenye skrini tarakimu kwa tarakimu, haifichwi kwa vidoti. Jamani, izibeni skrini kwa mkono. Na meseji ya pesa ikiingia, usiiamini meseji. Piga menyu mwenyewe uangalie salio.

Halafu kuna wizi wa simu yenyewe. Simu janja ya kawaida ina alama ya kidole au mchoro. Katochi nyingi zinafunguka kwa kubonyeza batani mbili ambazo kila mtoto anazijua. Mwizi akishaichukua anasoma meseji zako zote, na hata kama umeifunga, anachomoa laini, anaiweka kwenye simu yake, na namba yako ni yake. Kila namba ya uthibitisho inayotumwa kwako inamfikia yeye.

Nina ushauri mmoja ambao nimeurudia mpaka wenzangu dukani wanaujua kwa kichwa: wekeni PIN kwenye laini. Siyo PIN ya MoMo. Ni PIN ya laini yenyewe, iliyomo kwenye mipangilio ya usalama ya karibu kila simu, hata ile ya bei ya chini kabisa. Ukiiwasha, laini haifanyi kazi mpaka namba hiyo iandikwe kila simu inapowashwa. Mwizi akikosea mara tatu inajifunga na kudai PUK, namba ya tarakimu nane. PIN ya mwanzo na PUK mara nyingi zimechapwa kwenye kile kiplastiki ambacho laini ilitoka nacho, kile ambacho watu hukitupa siku hiyohiyo. Kama umekitupa, waulize watu wa mtandao wako kabla hujaanza kubahatisha. Kazi yenyewe haichukui hata dakika moja, na watu hawaifanyi.

Upande wa kusikilizwa, dhana hii inanikera zaidi kwa sababu inawapeleka watu kinyume kabisa na wanachokitafuta. Anakuja mtu na siri zake, biashara au familia, anasema anaacha WhatsApp arudi kwenye meseji za kawaida "kwa usalama". WhatsApp tangu mwaka 2016 inaficha ujumbe kutoka simu hadi simu, kampuni ya simu haiwezi kuusoma. Meseji ya kawaida inapita kwenye mitambo ya mtandao ikiwa wazi. Na kwenye 2G, ule mtandao wa zamani wa kizazi cha pili, ambao ndio pekee uliomo kwenye katochi nyingi, ufichaji wa mawasiliano kati ya simu na mnara ni wa kizamani. Mwaka 2009 mtaalamu wa Ujerumani, Karsten Nohl, aliueleza ulimwengu hadharani jinsi unavyovunjwa. Simu ya 2G pia haiuhakiki mnara inaounganishwa nao, kwa hiyo mnara wa bandia unaweza kuidanganya. Mtandao halisi nao unajua uko karibu na mnara gani kila simu inapopigwa, iwe ya batani au ya kioo, na Uganda ina sheria ya kunasa mawasiliano tangu mwaka 2010.

Faida ya kweli ya katochi kwenye faragha ipo, nami naitaja kwa kila mteja: nyingi hazina GPS wala programu za watu zinazokusanya habari zako kutwa nzima. Hiyo ni faida kubwa. Lakini ni faida dhidi ya wauza matangazo, siyo dhidi ya tapeli wala msikilizaji.

Na msidhani kwamba ndani ya simu ndogo hakuwezi kufichwa kitu. Mwaka 2021 mtafiti mmoja wa Urusi alinunua simu chache za batani za bei rahisi, akakuta baadhi yake zinatuma meseji zenyewe bila mwenye simu kujua. Salio likipungua bila sababu kwenye katochi mpya, ilete.

Dhana: WhatsApp itaingia tu, fundi ajue kuiweka

Haitaingia. WhatsApp iliziacha Nokia za zamani za mfumo wa S40 mwishoni mwa 2018, na zile za KaiOS, mfumo mwingine wa simu za batani uliokuwa tumaini la wengi, ziliachwa mapema 2025. Kinachowezekana ni kubaki na simu janja yako nyumbani kwenye waifai, laini ikiwa kwenye katochi; akaunti inaendelea, na namba ya uthibitisho inakufikia kwa meseji. Kama unatumia WhatsApp kwenye kompyuta, ifungue ile simu ya nyumbani angalau mara moja kabla ya siku 14, la sivyo kompyuta itatolewa.

Dhana: Chaji inakaa mwezi

Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni ya simu iliyolala, mtandao ukiwa mzuri, hakuna anayepiga. Ipeleke visiwa vya Kalangala au pembeni mwa Karamoja ambako mnara uko mbali, simu italazimika kurusha mawimbi kwa nguvu zake zote na betri itaisha upesi. Laini mbili nazo zinakula zaidi ya moja. Tarajia siku kadhaa, na hizo bado ni nyingi kuliko simu janja.

Dhana: Zote ni sawa, nipe ya rahisi

Siyo sawa. Ndugu anakuletea simu kutoka Marekani: kama ni ya zamani yenye masafa ya 850 na 1900 peke yake, hapa haitashika, kwa sababu 2G yetu iko kwenye 900 na 1800. Mwenye nia ya kuitumia miaka mingi nampa ya 4G inayopiga sauti juu ya 4G, kwa sababu nchi nyingine zimeshazima mitandao ya zamani; AT&T ya Marekani ilizima 2G mwaka 2017. Kwa Nokia za bandia, ambazo ni nyingi mjini, piga *#06#, toa betri, linganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ya skrini na ya stika. Zisipofanana, rudisha simu. Zikifanana, ziandike mahali.

Dhana: Namba zangu zote ziko kwenye laini

Mzee anachomoa laini, anaiweka kwenye katochi, anakuta majina matano ya mwaka aliosajili. Mengine yote yako kwenye akaunti ya Google, na katochi haiyafikii. Kabla hujatoa laini, fungua majina kwenye simu janja, chagua unayoyahitaji, nakili kwenda kwenye laini. Laini nyingi zinabeba majina 250 hivi, na majina marefu yatakatwa, kwa hiyo andika mafupi.

Tena laini ya simu janja ni ndogo kuliko tundu la katochi nyingi, na watu huivisha fremu ya plastiki. Fremu ikibaki tupu ndani ya tundu, ukiivuta inang'oa pini za shaba, na hilo ndilo tatizo ninalolitengeneza zaidi kwenye katochi mpya. Nenda na kitambulisho cha taifa kwenye duka la mtandao wako, omba laini mpya ya saizi kamili, namba ileile.