Mkimbizi hapelekwi vitani: ukiona wameanza kuandikisha vijana, sema mapema

Tangu miji ya Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, ianguke mikononi mwa waasi wa M23, Goma mwishoni mwa Januari 2025 na Bukavu Februari, wazazi wa Kikongo wanaokuja kwenye dawati letu la ulinzi hapa Uganda wanaleta habari zinazofanana sana. Kijana kapigiwa simu, kaambiwa kuna kazi ya ulinzi au ya kuendesha gari upande wa pili wa mpaka, nauli inatumwa, asimwambie mtu. Wengine wanafika mtoto ameshaondoka na simu yake haipatikani. Ndo maana tumeona tuandike hii, kwa sababu maelezo yanayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mengi si sahihi, na mengine yanamweka mtu kwenye hatari kabisa.

Jambo lenyewe si geni. Machi 2006 huko mashariki mwa Chad, kambi za Treguine na Bredjing, waasi wa Darfur, Sudan, waliingia wakachukua wakimbizi wapatao 4,700 ndani ya siku chache, wengi kwa nguvu na watoto wakiwemo. 2007 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch waliandika kuhusu vijana wa Kikongo kuchukuliwa kutoka kambi za Rwanda kama Kiziba kwenda kupigana Kivu ya Kaskazini. 2009 ikawa Dadaab, Kenya, vijana wa Kisomali waliahidiwa dola 600 kwa mwezi wakaambiwa mpango una baraka za Umoja wa Mataifa, kitu ambacho hakikuwa kweli, na serikali ya Kenya ilikanusha kuhusika. 2015 ikawa Mahama, kambi ya Warundi kule Rwanda, ambapo wapiganaji 18 waliwaambia wataalamu wa Umoja wa Mataifa kwamba waliandikishwa humo humo kambini Mei na Juni, Rwanda nayo ikakanusha. Na sasa hivi ndani ya Kongo kwenyewe kuna taarifa za wanaume na vijana kukamatwa mtaani Goma na kupelekwa mafunzoni na M23, na taarifa za watoto kuonekana na bunduki kwa Wazalendo pia, yaani wanamgambo wanaopigana na M23 wakiwa upande wa serikali. Nani anamtuma yule anayempigia simu mtoto wako, hilo taasisi yetu haina mamlaka ya kulitamka, tusiulizwe. Tunachoweza kusema ni sheria inasemaje na wewe ufanye nini.

Sheria iko wazi. Mkataba wa wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, unaitaka nchi inayopokea iwaweke wakimbizi mbali kiasi na mpaka, na kifungu cha tatu kinamkataza mkimbizi kufanya hujuma dhidi ya nchi yoyote mwanachama na kuilazimu nchi mwenyeji ilizuie hilo lisitokee. Kwa hiyo kambi au makazi ya wakimbizi si mahali pa kutafutia askari, awe ni wa serikali au wa waasi, na haijalishi kama unaamini vita vyao ni vya haki. Hapa naomba tuelewane vizuri maana kila wiki kuna mtu anabishana na sisi: "lakini alienda kwa hiari yake." Mtoto wa miaka 16 hana hiari ya kisheria ya kuingia kwenye kundi la waasi. Itifaki ya mwaka 2000 ya haki za mtoto inakataza makundi yenye silaha kumchukua yeyote chini ya miaka 18, akubali asikubali. Na hata mtu mzima, kama alidanganywa kuwa ni kazi ya udereva halafu akifika anapewa bunduki na kuambiwa ukitoroka tunakuua, hiyo si hiari, hata kama nauli alipokea kwa mkono wake.

Adhabu nazo si za mdomoni. Kuandikisha watoto chini ya miaka 15 ni uhalifu wa kivita mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Ituri, Kongo, alikutwa na hatia Machi 2012 kwa watoto wa huko akapewa miaka 14, Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi, akapewa miaka 30 mwaka 2019 kwa makosa mengi na hilo likiwemo. Sheria ya Kongo ya Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto imeweka miaka 10 hadi 20 jela kwa anayeandikisha aliye chini ya miaka 18. Dalali wa kambini anayelipwa kwa kila kichwa naye ajue anaweza kushtakiwa, kusema "mimi nilipeleka namba za simu tu" hakumwondoi kwenye kosa.

Sasa utaratibu, na hapa nitaenda polepole. Ukipigiwa simu au ukifuatwa, usijibu kwa hasira na usimtishie aliyekupigia, hifadhi namba, hifadhi meseji, andika tarehe na maneno aliyosema. Usiposti popote. Kisha nenda mwenyewe, si kumtuma jirani, kwenye ofisi ya ulinzi ya UNHCR (shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa) au shirika la msaada wa kisheria, au kwenye ofisi ya mkuu wa makazi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Polisi pia ni sahihi ila kama unaogopa anza na sisi, tutakusindikiza. Beba kadi ya familia, kama imepotea njoo hivyo hivyo. Utahojiwa faragha, una haki ya kuomba mkalimani wa lugha yako na kuomba mhojaji mwanamke. Kesi inapewa namba, hiyo namba itunze, ukirudi bila namba tunaanza kutafuta upya na muda unapotea. Kama hatari ni ya karibu inaweza kuombwa uhamishiwe makazi mengine au uwekwe mahali salama kwa muda, uamuzi si wa afisa mmoja na hauji siku hiyo hiyo. Huduma yote ni bure, anayekuuzia fomu ni mwizi. Na tafadhali sana, msitunge kesi ya kuandikishwa mkidhani ndo njia ya kupelekwa Marekani au Canada, maana kila kesi ya uongo inachelewesha ya mtoto ambaye kweli anatafutwa.

Wanaokaa kimya mara nyingi wanaogopa kitu kimoja, kwamba wakisema mtoto alichukuliwa, familia nzima itafutiwa ukimbizi. Hapana. Anayenyimwa hadhi kwa kifungu cha 1F cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ni yule ambaye kuna sababu nzito za kuamini alifanya uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu au makosa mengine makubwa, na hilo linaangaliwa mtu mmoja mmoja, umri wake unaangaliwa, kulazimishwa kwake kunaangaliwa. Mama yake haingii humo. Ila ni kweli mpiganaji anayevuka mpaka hapokelewi kama mkimbizi moja kwa moja, kwanza anatenganishwa na raia, ananyang'anywa silaha, na lazima ionekane ameacha vita kabisa. Novemba 2013 wapiganaji wa M23 waliokimbilia Uganda waliwekwa kambi ya jeshi ya Bihanga, si makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na sababu ni hiyo.

Kuhusu wanaosema "dunia itusaidie", nasema kwa moyo mzito. UNHCR haina askari hata mmoja, ulinzi wa kambi ni kazi ya nchi mwenyeji. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994, kambi za Mugunga, Kibumba na Katale karibu na Goma zilishikwa na wanajeshi wa Rwanda walioshindwa vita pamoja na wanamgambo wa Interahamwe waliofanya mauaji hayo, Sadako Ogata, mkuu wa UNHCR wakati huo, akaomba kikosi cha kimataifa kiwatenganishe na raia, nchi zikaombwa askari na karibu zote zikakataa, mwisho UNHCR ikagharamia askari 1,500 wa Zaire (Kongo ya leo) walinde kambi. Kutenganisha hakukufanyika, na 1996 vita vikazifikia kambi zenyewe. Watu walikufa wengi sana. Kwa hiyo simwambii mtu asiandike barua kwa Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, aandike, lakini barua ya "tunateswa tusaidieni" bila tarehe, mahali, idadi na umri wa waliochukuliwa haina pa kushikwa. Kilichofika mezani kwa Baraza la Usalama mwaka 2016 kuhusu Mahama ni ushahidi wa watu 18 uliopangwa vizuri. Hizo taarifa zinatoka kwenu, na majina yenu hayalazimiki kutajwa.

Kama mtoto ameshachukuliwa, fungua ombi la kutafutwa ndugu kupitia Msalaba Mwekundu, lete picha na jina analojulikana nalo nyumbani, si la kwenye karatasi tu. Akifanikiwa kutoroka akiwa Kivu ya Kaskazini au Ituri, MONUSCO (kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa Kongo), UNICEF (shirika la Umoja wa Mataifa la watoto) na Msalaba Mwekundu wanapokea watoto waliotoka kwenye makundi, Kivu ya Kusini MONUSCO iliondoka Juni 2024 kwa hiyo huko atafute Msalaba Mwekundu au UNICEF. Akipewa hati ya kuthibitisha ametoka jeshini asiitupe, akivuka mpaka aionyeshe siku ya kwanza ya kujiandikisha na aeleze yote, maana kitu kikifichwa halafu kikajulikana kwenye intavyuu ya tatu ndo kinaleta shida.