ARV hazileti kansa jamani

Hii stori kwamba ARV ndo zinaleta kansa imezunguka miaka na miaka, na kuna watu wameacha dawa kisa hiyo. Chukua kansa ya Kaposi, yale madoa ya zambarau au meusi-meusi yanayotokea miguuni au juu ya kaakaa, mara nyingi mwanzoni hayaumi wala hayawashi ndo maana mtu anapuuzia. Inaletwa na kirusi kingine kabisa, HHV-8, kiligunduliwa 1994, wengi wanaishi nacho bila shida ila CD4 (seli za kinga ya mwili) zikishuka kinapata upenyo. Na Kaposi ilikuwepo Uganda kabla hata ukimwi haujajulikana, sasa hapo ARV zilikuwa wapi?

Uvumi unapopatia nguvu ni hapa: mtu anaanza dawa, wiki chache baadaye madoa yanavimba, anasema si mnaona! Kumbe kinga ndo imeamka inapambana na kilichokuwepo tangu zamani. Unarudi kliniki haraka, dawa huachi, wengine wanaongezewa kemo (dawa za kansa).

Kina mama wenye VVU, hatari ya kansa ya shingo ya kizazi kwenu ni kama mara 6 ya wasio na VVU, kwa hiyo ukienda kuchukua dawa ulizia na kipimo chake.