Maji ya Fedha: Kabla Hujaunganisha Betri

Mwaka 1999, watu wengi wakihofia kompyuta zitagoma ikiingia 2000, Stan Jones wa jimbo la Montana, Marekani, yeye alihofia antibaiotiki zitaadimika. Akajitengenezea nyumbani maji ya fedha, yaani maji yenye ayoni na chembe ndogo sana za madini ya fedha (silva) ambayo wengine huamini yanatibu, akawa anayanywa. Antibaiotiki hazikuadimika. Ngozi yake ndiyo iliyogeuka kijivu-buluu, na mwaka 2002 aligombea Useneti akiwa na rangi hiyo.

Ufundi wenyewe ni mwepesi, ndiyo maana unavutia. Nyaya mbili za madini ya fedha hutumbukizwa kwenye glasi ya maji yaliyotoneshwa (mvuke uliopozwa ukawa maji tena), huunganishwa na betri kadhaa za volti 9, na umeme hubandua fedha kutoka waya wa upande chanya. (Maji ya betri ya gereji hayakutengenezwa kwa ajili ya kunywewa, hata kama chupa imeandikwa ni safi.)

Shida ni kipimo. Mkondo wa miliampia 1 ukipita saa nzima hubandua takriban miligramu 4 za fedha. Hesabu ingekuwa rahisi kama mkondo ungetulia, lakini kadiri fedha inavyoingia majini ndivyo maji yanavyopitisha umeme zaidi, na mkondo hupanda wenyewe. Ukitia punje za chumvi ili kuharakisha, unapanda zaidi, na maji yanafanya ukungu mweupe wa kloraidi ya fedha. Kwa hiyo kuhesabu dakika hakukuambii lolote la maana. Rangi ya manjano ya maji hayo nayo si kipimo, maana inategemea sana ukubwa wa chembe. Mwanga wa leza ukionekana kama mstari ndani ya glasi unathibitisha tu kwamba chembe zipo. Kile kipimo cha mkononi cha chumvi za maji husoma ayoni (atomi zenye chaji ya umeme), chembe kinazipita.

Sasa linganisha. Shirika la Marekani la Kulinda Mazingira limeweka kikomo cha mikrogramu 5 za fedha kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni miligramu 0.3. Glasi ya mililita 250 yenye miligramu 10 kwa lita ina miligramu 2.5, zaidi ya mara 8 ya kikomo. Na anayekunywa kwa imani hanywi siku moja.

Fedha nyingi hutoka na choo. Kiasi kidogo kinachofyonzwa hujikusanya kwenye ngozi na viungo vingine, na mwanga wa jua huigeuza nyeusi, kemia ileile ya picha za filamu za zamani. Hali hiyo huitwa argiria. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi mabadiliko yanaweza kuchelewa kuonekana usoni, basi angalia ufizi, kucha na weupe wa macho. Krimu haziiondoi. Leza imewasaidia baadhi, wala si tiba ya kutegemea.

Kwamba fedha huua bakteria ni kweli, na hospitali zinajua: krimu ya silva salfadiazini hupakwa kwenye majeraha ya moto, na vyungu vya kuchujia maji hupakwa fedha ili kuzuia vijidudu. Huko inagusana na kijidudu moja kwa moja. Ukiimeza, inakutana na kloraidi tumboni na protini kwenye damu, vinaidaka kabla haijafanya kazi uliyoitumania. Mwaka huohuo wa 1999, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamua kwamba dawa za fedha ya aina hii zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na ufanisi kwa ugonjwa wowote.

Kama tayari unakunywa, acha. Mweleze daktari au mfamasia wako hata kama unajisikia mzima, hasa ukiwa unatumia thairoksini (dawa ya tezi ya thairoidi) au antibaiotiki za jamii ya tetrasaiklini na siprofloksasini, kwa kuwa fedha inaweza kuzuia dawa hizo zisifyonzwe. Dawa ulizoandikiwa usiziache wala usizibadilishe na maji haya, na chupa iliyobaki iweke mbali na watoto hadi utakapoonyeshwa namna ya kuitupa.