Kisima Si Chanzo: Unakunywa Maji ya Chini ya Ardhi au ya Juu?

Kwenye fomu ya kuomba kibali cha kutumia maji kuna mstari unaouliza chanzo cha maji. Waombaji wengi huandika neno moja tu: "kisima". Fomu inarudishwa, mwombaji anakasirika, siku zinapotea. Kisima si chanzo. Kisima ni tundu. Chanzo ni kile kinachoingia kwenye hilo tundu, na hicho ndicho kinachotuambia maji yapimwe nini, yatibiwe kwa njia gani, na mgonjwa akitokea tuanze kutafuta wapi.

Sisi wa ofisi ya maji tunaandika haya kwa sababu malalamiko huongezeka kila mvua zinapochanganya: maji ya kisima yamebadilika rangi, yana harufu, watoto wanaharisha. Na karibu kila mlalamikaji huanza kwa kututajia urefu wa kisima chake, kana kwamba urefu ni cheti.

Maji ya juu ya ardhi ni yale yaliyo wazi: mto, ziwa, bwawa, dimbwi, na pia yale yanayotiririka uani mvua ikinyesha, ambayo wengi huyasahau. Jua linayapata, mifugo inayapata, kila kinachooshwa na mvua kinaishia humo. Hali yake hubadilika kwa saa. Asubuhi yako safi, jioni yamejaa tope.

Maji ya chini ya ardhi ni mvua ileile iliyozama. Hapa kuna dhana ambayo imetuchosha kidogo: kwamba chini kuna mito, na kazi ya mpimaji ni kuulenga mto kwa kijiti. Ukiacha baadhi ya miamba ya chokaa yenye mapango, hakuna mto huko. Maji yamekaa kwenye nafasi ndogondogo kati ya punje za mchanga na kwenye nyufa za mwamba, na yanajongea taratibu. Mhandisi Mfaransa Henry Darcy alipitisha maji kwenye nguzo za mchanga na mwaka 1856 akachapisha kanuni ya mwendo huo, ambayo tunaitumia hadi leo: kasi inategemea tofauti ya msukumo wa maji kati ya sehemu mbili na aina ya mchanga au mwamba. Mto unaweza kwenda mita moja kwa sekunde. Maji yaliyo ndani ya mchanga mara nyingi huenda sentimita chache, au mita chache, kwa siku nzima.

Mwendo huo wa kinyonga ndio unaoyasafisha. Vijidudu hunaswa kwenye punje, na vinavyopenya hufa njiani kwa kucheleweshwa. Ndiyo maana maji ya chini ya ardhi, yakiwa kweli ya chini, huwa maangavu na joto lake halipandi wala kushuka sana mwaka mzima.

Lakini kukaa huko kote hakuendi bure. Maji yanayolala na mwamba kwa miaka huyeyusha kilichomo ndani yake. Chokaa ikizidi, sabuni inagoma kutoa povu. Chuma kikizidi, maji yanatoka maangavu kwenye bomba, kisha yakikaa kwenye ndoo kwa muda yanageuka rangi ya kutu. Haya yanakera tu. Yanayodhuru ni yale yasiyo na rangi wala harufu. Floraidi ikizidi huharibu meno ya watoto, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu mifupa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kwa aseniki, ambayo ni sumu, kikomo ni miligramu 0.01 kwa lita, kiasi ambacho hakuna ulimi unaoweza kukigundua.

Bangladesh ilijifunza hilo kwa uchungu. Kuanzia miaka ya 1970 visima vingi vya bomba vilichimbwa vijijini ili watu waachane na maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaletea magonjwa ya kuhara. Nia ilikuwa njema, na maji yalitoka maangavu. Mwaka 1993 ikathibitika kwamba yalikuwa na aseniki iliyotoka kwenye mashapo yenyewe, na mamilioni ya watu walikuwa wameshayanywa. Wataalamu waliyapima kwa hofu za maji ya juu ya ardhi, yaani vijidudu, hawakuyapima kwa hofu za maji ya chini.

Kwa hiyo mtu akituuliza yapi ni bora, jibu letu humkatisha tamaa. Kila moja lina maradhi yake. Tatizo kubwa tunalokutana nalo majumbani, hata hivyo, ni la tatu: kisima ambacho mwenyewe anaapa ni cha maji ya chini, kumbe kinakunywa maji ya juu.

Nilikwenda kukagua kisima kimoja cha mita 40 ambacho maji yake yalikuwa yakigeuka rangi ya chai siku moja baada ya kila mvua kubwa. Mwenye nyumba alikuwa na risiti zote, amezipanga kwenye faili. Tulipofika kisimani, kesingi, yaani lile bomba linalovishwa kwenye shimo ili udongo usiporomoke, lilikuwa limekatwa usawa wa ardhi na kufunikwa kipande cha bati na jiwe juu yake. Nikaliondoa jiwe. Upande wa ndani wa bomba kulikuwa na mistari ya tope iliyokauka, mmoja juu ya mwingine, kila mvua imeacha wake, na jongoo mmoja akipanda kutoka humo. Kati ya bomba na udongo mkono wangu uliingia hadi kiwiko. Hakuna aliyejaza uji wa saruji kwenye nafasi ile. Mita 40 zote zile zilikuwa na mfereji wazi pembeni yake, na maji ya uani yalishuka moja kwa moja bila kuonana na punje hata moja ya mchanga. Mwenye nyumba aliniuliza kama aongeze kina.

Kuongeza kina kusingemsaidia chochote. Kinachotenganisha maji ya juu na ya chini kwenye kisima ni mita chache za mwanzo: bomba lipande walau sentimita 30 juu ya ardhi, au zaidi pale panapofurika; nafasi inayolizunguka izibwe kwa uji wa saruji kuanzia chini ya tabaka la juu hadi usoni; sakafu ya zege isiyo na ufa, yenye mteremko wa kuyapeleka maji mbali; kifuniko kinachobana, si bati. Kwa kisima kifupi cha kuchimbwa kwa mkono ni hayohayo, na zaidi ya hayo kamba na ndoo visiwekwe chini. Kamba iliyolala kwenye tope na kurudishwa kisimani ni maji ya juu ya ardhi uliyoyabeba mwenyewe.

Umbali nao una maana. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada ya kibinadamu, vinataka choo cha shimo kiwe walau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya ardhini, na kitako cha shimo kiwe walau mita 1.5 juu ya usawa wa maji hayo. Watu hushika namba ya kwanza na kuisahau ya pili. Kwenye mwamba wenye nyufa hata mita 30 hazitoshi, kwa sababu ufa hauchuji kitu.

Mji wa Walkerton nchini Kanada ulikuwa na kisima cha namna hiyo. Kilikuwa cha umma, si cha nyumbani, ila somo ni lilelile. Kesingi yake ilishuka mita 5 tu, mwamba chini yake ulikuwa na nyufa, na jirani kulikuwa na shamba lililowekwa samadi. Mei 2000 zilinyesha mvua kubwa. Bakteria wakaingia, klorini, yaani dawa ya kuua vijidudu, haikutosha wala haikufuatiliwa inavyopaswa, watu 7 wakafariki na zaidi ya 2,300 wakaugua. Kwa vitabu vya mamlaka, yale yalikuwa maji ya chini ya ardhi.

Utajuaje kama chako ni cha aina hiyo bila kusubiri mgonjwa? Angalia maji saa 24 hadi 48 baada ya mvua kubwa. Yakibadilika rangi, au usawa wa maji kisimani ukipanda ghafla, kuna njia ya mkato. Pima joto kwa kipimajoto cha kawaida kwa majuma kadhaa; likifuata joto la hewa, shuku. Ukiona mabaki ya wadudu, majani au ukijani wa mwani, hapo si kushuku tena, ni uhakika. Mwani unahitaji mwanga, na chini ya ardhi hakuna mwanga.

Sasa sampuli, kwa sababu nusu ya zinazoletwa hatuwezi kuzipima. Chupa ya kipimo cha vijidudu chukua maabara, usilete ya soda hata kama umeichemsha. Ndani yake kuna dawa kidogo ya kuondoa klorini, kwa hiyo usiisuuze. Safisha mdomo wa bomba, acha maji yatiririke kama dakika tano, jaza bila kugusa ndani ya kifuniko, acha nafasi kidogo juu. Weka penye baridi na uifikishe ndani ya saa sita ukiweza, isizidi 24. Andika saa uliyochota, si saa uliyofika. Andika pia mara ya mwisho mvua kunyesha. Mstari huo huachwa wazi, na ndio tunaoutafuta kwanza. Kipimo cha madini kina chupa yake. Ukileta moja kwa vyote viwili utarudishwa.

Ukiwa na mtoto wa chini ya miezi sita, omba nitrati bila kusubiri kuambiwa. Hutoka kwenye mbolea na vyoo, haichujwi na mchanga, na ikizidi miligramu 50 kwa lita inaweza kuinyima damu ya mtoto uwezo wa kubeba oksijeni. Wala usiyachemshe maji hayo ukidhani umeyatibu. Kuchemsha kunaua vijidudu. Nitrati, floraidi na aseniki hubaki sufuriani, tena kwa wingi zaidi kwa kila lita, kwa sababu maji yamepungua na zenyewe hazikupungua.

Klorini vilevile si jibu la kila kitu. Kutia dawa kisima kisichozibwa ni kudeki wakati paa linavuja. Ziba kwanza, pampu hadi maji yaangaze, tia dawa, acha saa 12 hadi 24, yatoe yote, kisha pima tena baada ya kama wiki moja. Kwenye maji ya tope dawa huishia kwenye tope.

Kuhusu vibali, masharti na viwango vya adhabu hutofautiana kwa sheria za kila mahali, kwa hiyo ulizia ofisi ya maji inayokuhusu kabla mashine haijafika. Mtiririko wa kawaida ni upimaji wa eneo, kibali cha kuchimba, mchimbaji mwenye leseni, taarifa ya matabaka yaliyopitiwa, kipimo cha uwezo wa kisima kwa kupampu, majibu ya maabara, ndipo kibali cha kutumia. Taarifa ya matabaka ni ya mwenye kisima. Mdai mchimbaji kabla ya malipo ya mwisho, kwa sababu baada ya hapo simu haipokelewi. Na tafadhali, "kisima changu, maji yangu" haisaidii ofisini. Katika nchi nyingi tundu ni lako, maji ni ya umma, na pampu yako ikishusha usawa wa maji ya kisima cha jirani tutakuita.

Anayekiuka kwa kawaida huanza kwa kupewa notisi ya maandishi yenye muda wa kurekebisha. Muda ukipita kisima hufungwa kwa lakiri, na kuivunja lakiri kunaweza kuwa kosa lingine linalojitegemea. Kisha faini, kisha amri ya kukifukia kwa gharama ya mwenyewe. Watu huogopa faini, ila kinachouma ni kufukia.

Kisima kilichokauka au kilichoachwa nacho kina utaratibu, na hapo ndipo tunapokuta mambo ya kusikitisha: taka, mizoga, bomba la maji machafu lililoelekezwa humo "maana hakitumiki". Hakitumiki na wewe. Tabaka lile bado linanywewa na kila kisima kilicholifikia. Toa pampu na mabomba, jaza kokoto safi palipokuwa na maji, ziba juu yake kwa udongo wa mfinyanzi au saruji hadi usawa wa ardhi, na mkaguzi awepo wakati wa kumimina. Akija baada ya saruji kukauka, hawezi kutia saini kitu asichokiona, na mara nyingi atataka ichimbuliwe.