"Assist" si kuhudhuria

Hapa Bukavu, tangu masomoni, tunaambiana kwamba anayejua Kifaransa amekwisha kujua nusu ya Kiingereza. Kwa majina ya vitu, labda. Kwa vitenzi, angalia sana. "Assister à" ya Kifaransa ni kuhudhuria, mkutano kwa mfano. "Assist" ya Kiingereza ni kusaidia. Kuhudhuria wanasema "attend", nayo si "attendre", yaani kungoja, ingawa mzizi wa Kilatini ni mmoja.

Inayoumiza zaidi ni "demand". "Demander" ni kuomba au kuuliza tu, bila ukali. "Demand" ni kudai, karibu na kugonga meza. Ukiomba ruhusa kwa Kiingereza, andika "ask for". Mimi niliwahi kumdai mkuu wangu likizo, kwa barua, na salamu za heshima chini.