Riolojia na tribolojia: mnato ni nusu ya habari

Chukua mabakuli mawili. La kwanza lina uji mzito wa ulezi uliopoa kidogo, la pili lina mlenda. Chovya kijiko kwenye uji kisha ukiinue: unadondoka kwa mafungu, na pale kijiko kilipopita panabaki kishimo kwa muda kabla hakijajifukia. Sasa chovya kwenye mlenda. Unapanda pamoja na kijiko, unavutika kama uzi, na uzi ukikatika kipande cha chini kinajirudisha bakulini chenyewe.

Ukiuliza kipi kizito, wengi watasema uji. Sawa, lakini "uzito" huo hauelezi kwa nini mlenda unavutika, wala kwa nini unateleza kooni kabla hujautafuna. Kwa maswali ya namna hii kuna elimu mbili zinazokwenda pamoja: riolojia, inayochunguza jinsi vitu vinavyotiririka na kubadilika umbo vikisukumwa au kuvutwa, na tribolojia, inayochunguza msuguano, ulainishaji na kulika kwa nyuso zinazosuguana. Jina la kwanza lilibuniwa mwaka 1920 na Eugene Bingham, mwanakemia wa Chuo cha Lafayette, Pennsylvania, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kutiririka. La pili lilienea baada ya ripoti ya Peter Jost iliyotolewa Uingereza mwaka 1966.

Tuanze na mnato. Fikiria kimiminika kama rundo la matabaka membamba, kila moja likiteleza juu ya jingine. Newton, katika kitabu chake cha 1687, alichukulia kwamba ukisukuma kwa nguvu maradufu, matabaka nayo yatateleza kwa kasi maradufu. Uwiano kati ya msukumo na kasi hiyo ndio mnato. Kwa maji, asali halisi na mafuta ya kupikia, dhana hiyo inafanya kazi vizuri. Maji ya nyuzi joto 20 yana mnato wa milipaskali-sekunde 1, na namba hiyo haijali unayakoroga taratibu au kwa fujo.

Uji haufuati sheria hiyo. Ndani yake mna chembe za wanga zilizonyonya maji zikavimba hadi kubanana. Katika rangi ya ukuta mna ungaunga na minyororo mirefu ya molekuli, katika maziwa mgando mna wavu wa protini, na katika damu mna seli. Hivi ndivyo vimiminika changamano: ndani mna vitu vikubwa vinavyonasana na kuachana kadiri unavyovisukuma. Bingham na mwenzake Henry Green waliandika mwaka 1919 kuwa rangi si kimiminika chenye mnato wa kawaida, kwa sababu haianzi kutiririka mpaka msukumo uvuke kiwango fulani. Ndiyo maana brashi inaitandaza kirahisi, nawe ukiondoa brashi inabaki ukutani badala ya kuchuruzika hadi sakafuni. Zege bichi nalo liko hivyo. Fundi anapojaza koni ya chuma yenye kimo cha milimita 300, akaiinua na kupima zege limeshuka kiasi gani, anapima kiwango hichohicho cha kuanza kutiririka, hata kama hajawahi kusikia neno riolojia.

Maabara hutumia riometa. Tone la uji huwekwa juu ya bamba, kisha koni pana, karibu bapa, hushushwa mpaka iuguse na kuanza kuzunguka. Mashine inasoma nguvu inayohitajika kwa kila kasi. Kasi hapa ina maana maalumu: ikiwa nafasi kati ya nyuso mbili ni milimita 1, na uso mmoja unakwenda milimita 50 kwa sekunde, kasi ya kuteleza kwa matabaka ni 50 kwa sekunde. Wataalamu wa vyakula wameizoea namba hiyo kama makadirio ya yanayotokea mdomoni. Riometa inaweza pia kutikisa sampuli mbele na nyuma kidogo sana bila kuivunja, ili ionekane ni sehemu gani ya nguvu inarudishwa kama mpira na ni ipi inapotea kama kwenye maji. Mlenda unarudisha sehemu ya nguvu, na ule uzi unaojivuta kurudi bakulini ni ushahidi wake unaoonekana kwa macho.

Hapa nina neno na wanaoandika mnato wa uji wa watoto kwa namba moja tu. Utasoma kwamba uji wa mtoto mchanga unafaa ukiwa kati ya milipaskali-sekunde 1,000 na 3,000. Kwa kasi gani? Kwa joto gani? Uji uleule ukikorogwa haraka hutoa namba ndogo, na ukipoa hutoa namba kubwa. Si jambo dogo, maana tumbo la mtoto ni dogo na mama anayepunguza uzito wa uji kwa maji anapunguza chakula pia. Kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, hutatua tatizo hilo kwa njia nyingine: vimeng'enya vyake hukata minyororo ya wanga, na uji mzito wa kusimamisha kijiko hulegea ndani ya dakika chache bila kuongezwa tone la maji. Usikitie uji ukiwa bado unatokota, maana moto huo huviharibu vimeng'enya.

Hata ukipima mnato kwa uangalifu wote, bado kuna jambo litakukwepa. Kula bibo, tunda la mkorosho. Maji yake ni mepesi kabisa, lakini ulimi unakauka na kukwaruza. Ukakasi huo si wa mnato. Tanini za tunda zinashikana na protini za mate, ule utando laini unaotenganisha ulimi na kaakaa unaharibika, na msuguano unapanda. Kiswahili kina neno moja safi kwa hali ambayo maabara huihangaikia kwa mipira midogo inayoburuzwa juu ya silikoni laini iliyolowanishwa chakula.

Vipimo hivyo vya msuguano huchorwa kwa mchoro unaobeba jina la Mjerumani Richard Stribeck, aliyechapisha kazi yake ya beringi mwaka 1902. Kwa mwendo wa polepole nyuso zinagusana na msuguano ni mkubwa. Kasi ikiongezeka, kimiminika kinaingia katikati na kuzibeba, msuguano unashuka. Ikizidi zaidi unapanda tena, kwa kuwa sasa unapambana na mnato wenyewe. Uji wa karanga na uji wa unga uliosagwa vibaya unaweza kulingana mnato, lakini ulimi ukiubana utando uwe mwembamba sana, mafuta ya karanga yanateleza na chembe za unga zinakwaruza.

Kwa mgonjwa wa kiharusi anayepaliwa kwa urahisi, mambo haya yanahusu uhai. Mfumo wa kimataifa wa IDDSI, unaopanga vyakula na vinywaji vya wenye shida ya kumeza kwa madaraja ya uzito, hutumia bomba la sindano la mililita 10 lisilo na sindano. Unalijaza, unaachia kwa sekunde 10, unaangalia kilichobaki: chini ya mililita 1 ni kinywaji chepesi cha daraja 0, kati ya 4 na 8 ni daraja la 2, zaidi ya 8 ni la 3. Kisichotiririka kabisa huwekwa kwenye kijiko, na kijiko kinapinduliwa. Chakula kikidondoka chote kwa pamoja, kimefaulu jaribio hilo. Kikiganda kwenye kijiko, kitaganda na kooni.